KIJITI KIKO MKONONI MWA NANI?

Kijana mpendwa, usiitupe karatasi hii! Umeipokea kutoka mkononi mwa mtu. Yeye alinyoosha mkono, na wewe ukanyoosha wako. Labda ulikuwa unapita tu kwenda mnadani, ukasikia vipaza sauti, ukasema ngoja nichungulie. Haidhuru. Tafuta mahali pa kukaa, hata juu ya jiwe, tuzungumze habari ya MBIO.

Ndiyo, mbio. Kwani huku kwetu nani asiyejua mbio? Mtoto wa Mbulu anakimbia kwenda shule, anakimbia kuwarudisha ng'ombe walioingia shamba la mtu, anatumwa chumvi dukani anakimbia. Ukimwuliza mzee wa Hanang atakutajia Gidamis Shahanga, aliyechukua dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, Kanada, mwaka 1978, na miaka minne baadaye akachukua dhahabu nyingine ya mita 10,000 kule Brisbane, Australia. Atakutajia Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, wakati huo Karatu ikiwa bado ndani ya wilaya ya Mbulu. Huyo alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Atakutajia na John Stephen Akhwari wa Mbulu. Huyo nitamrudia.

Lakini angalia kitu kimoja. Siku zile za ushindi hao wote walikimbia kila mtu peke yake. Mtu na miguu yake, mtu na pumzi yake. Leo nataka kukufundisha mbio za namna nyingine, ambazo huwezi kuzikimbia peke yako hata uwe na mapafu ya punda. Ni mbio za KUPOKEZANA VIJITI. Na nitakueleza zaidi habari za wanawake, kwa sababu ambayo utaiona huko mbele.

WANAWAKE WANNE WA KENYA

Kuna nchi ya visiwa inaitwa Bahama. Iko katika bahari ya Atlantiki, karibu na Marekani. Mji wake mkuu ni Nassau. Hapo, mwezi Mei mwaka 2014, yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya dunia ya mbio za vijiti peke yake. Hakuna kurusha mkuki, hakuna kuruka juu. Vijiti tu, siku mbili.

Tarehe 24 Mei wakaingia uwanjani wanawake wa mbio ya mita 1,500 mara nne. Elewa hesabu yake: kila mmoja anazunguka uwanja mara tatu na robo tatu, halafu anampa mwenzake. Wakimaliza wote wanne ni mita 6,000, yaani mizunguko 15. Kenya ilikuwa na Mercy Cherono, Faith Kipyegon, Irene Jelagat na Hellen Obiri.

Mercy alianza, Faith akapokea kwa Mercy, Irene akapokea kwa Faith, Hellen akapokea kwa Irene na kumaliza. Saa ilisimama kwenye dakika 16, sekunde 33.58. REKODI YA DUNIA! Na siyo rekodi ya kuchungulia kwa tundu la sindano. Ile ya zamani waliipita kwa zaidi ya nusu dakika. Marekani waliokuwa wa pili walifika zaidi ya sekunde 20 baadaye. Fikiri mwenyewe sekunde 20 ni nini uwanjani. Ni muda wa kutosha mtu kumaliza, kupumua na kugeuka kuangalia wengine wanakuja.

Sasa sikia jambo ambalo watu hawaliangalii. Wanawake wale hawakuwa marafiki wa kila siku wa kutembea wameshikana mikono. Walikuwa WASHINDANI. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, katika mashindano ya dunia ya Moscow ya mwaka 2013, Hellen Obiri na Faith Kipyegon walikuwa katika fainali moja ya mita 1,500. Siku ile kila mmoja alitaka kumwacha mwenzake nyuma. Obiri alipata medali ya shaba, Kipyegon akatoka bila medali. Je, wewe ungekuwa Faith, mwaka unaofuata unaambiwa beba kijiti ili mwisho wake Hellen ndiye amalize na kupigwa picha, ungekubali? Jijibu mwenyewe moyoni. Mimi najua vijana ambao wangekataa. Wangesema, mimi nikimbie halafu sifa aende nayo yeye?

Tena angalia huyu Irene Jelagat, mtu wa tatu. Faith Kipyegon baadaye alichukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mara tatu mfululizo, mwaka 2016, 2021 na 2024. Hellen Obiri akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2017 na 2019, na akashinda marathoni ya Boston mwaka 2023 na 2024. Mercy Cherono alikuwa tayari na medali ya fedha ya dunia ya mita 5,000. Lakini Irene? Ukiuliza watu wengi hawamtaji. Hata hivyo katika ile dakika 16 na sekunde 33 kuna mizunguko mitatu na robo tatu ambayo ni ya kwake, na hakuna anayeweza kuikata ikabaki rekodi. Rekodi ile ilikaa miaka sita, mpaka wanawake wanne wa Marekani walipoivunja mwaka 2020. Miaka yote hiyo sita jina la Irene lilikuwa humo katikati ya mengine.

KITU CHENYE UZITO WA YAI

Sasa tukitazame hicho kijiti chenyewe. Usifikiri ni kitu cha ajabu. Ni bomba jepesi, lina uwazi ndani, urefu wake sentimita 28 hadi 30. Uzito wake usipungue gramu 50. Gramu 50, ndugu yangu! Ni yai la kuku. Mama yako anabeba ndoo ya lita 20 kichwani kutoka mtoni na hasemi kitu, halafu mtu mwenye misuli kama chuma anaangusha yai.

Na bila hicho kitu chepesi hakuna mbio. Ukifika kwenye utepe wa kwanza, umewaacha wote mita mia, lakini mkono wako mtupu, hukufika. Umekimbia bure. Mwamuzi hakuoni.

Sheria nyingine ni hii. Kijiti kinatolewa na kupokelewa ndani ya eneo lililochorwa, siyo popote unapotaka. Katika mbio ya mita 100 mara nne eneo hilo lilikuwa mita 20 kwa miaka mingi, halafu likaongezwa kuwa mita 30 kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017. Na mwamuzi haangalii miguu yako imefika wapi, anaangalia KIJITI kiko wapi. Miguu inaweza kuwa nje ya mstari, lakini kijiti kikipita mkononi mwa mwenzako kikiwa ndani, ni halali. Kikipita kikiwa nje hata kidogo tu, wote wanne mmetolewa. Wote wanne! Hata yule wa kwanza aliyekimbia vizuri kuliko watu wote.

Hakuna kuvaa glavu. Hakuna kupaka mkono gundi au kitu cha kunata. Ni mkono wako jinsi ulivyo.

Halafu kuna siri ya kupokea. Katika mita 100 mara nne mpokeaji HAANGALII NYUMA. Ameweka alama yake chini. Mwenzake akifika kwenye alama, yeye anachomoka kwa nguvu zote, na akisikia sauti ya mwenzake ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Kijiti lazima kije. Akigeuka kuangalia, kasi imekufa. Lakini katika mbio ndefu kama ile ya Nassau ni tofauti. Pale mpokeaji hugeuka na kumtazama anayekuja. Kwa nini? Kwa sababu anayekuja amechoka, anapepesuka, hawezi tena kuongeza mwendo wala kulenga sawasawa. Kwa hiyo yule mwenye nguvu mpya ndiye anayemtazama mchovu na kwenda na mwendo wake. Mimi nilipojifunza hilo nilikaa kimya kidogo.

WEPESI KULIKO WOTE, NA WAKAKOSA

Mwaka 2008 Olimpiki ilikuwa Beijing, China. Katika mita 100 za wanawake, Jamaika walizoa medali zote. Shelly-Ann Fraser dhahabu, na Sherone Simpson na Kerron Stewart wakafungana kwa medali ya fedha. Watatu wa nchi moja! Basi ikaja zamu ya vijiti, mita 100 mara nne. Hao watatu wamo, na wa nne ni Veronica Campbell-Brown, bingwa wa mita 200. Hebu niambie, nani angewashinda? Hata bibi yangu angesema Jamaika.

Wakakimbia. Fraser akampa Simpson. Simpson akafika kwa Stewart, na hapo pakaharibika. Kijiti hakikupita ndani ya eneo. Jamaika wakatolewa. Campbell-Brown alikuwa kule mbele anangoja kitu ambacho hakikuja kwa wakati wake. Miguu ya Jamaika haikuwa na kosa hata moja siku ile. Mbio zilipotelea katika ule urefu mdogo, mkono wa mmoja na mkono wa mwingine.

Lakini habari haijaisha. Warusi wakachukua dhahabu wakaenda nayo nyumbani. Wa pili walikuwa Ubelgiji: Olivia Borlée, Hanna Mariën, Élodie Ouédraogo na Kim Gevaert. Wakapokea medali ya fedha wakashukuru. Miaka minane ikapita! Mwaka 2016 vipimo vya zamani vya Beijing vikapimwa upya kwa mashine mpya, na mmoja wa wale Warusi, Yuliya Chermoshanskaya, akakutwa alikuwa ametumia dawa za kuongeza nguvu. Warusi wakanyang'anywa, wote wanne, na dhahabu ikaenda kwa Wabelgiji.

Unaona? Mmoja akala kitu sirini, na wenzake watatu wakapoteza medali pamoja naye. Wewe kijana unayesema maisha ni yangu, nikiyaharibu naharibu ya kwangu, soma tena hapo. Na upande wa pili, kuna wanawake wanne wa Ubelgiji waliokuwa washindi miaka minane bila kujua. Kim Gevaert alikuwa ameshastaafu riadha mwaka ule ule wa 2008. Dhahabu ilimkuta nyumbani.

KIKIANGUKA JE?

Hapa ndipo nilitaka kufika. Watu wengi hufikiri kijiti kikianguka mbio zimekwisha. SIYO KWELI! Sheria haisemi hivyo. Sheria inasema aliyekiangusha ndiye akiokote. Anaweza hata kutoka kwenye njia yake kukifuata, mradi asimzuie mtu mwingine na asijifupishie safari. Akiokota, anaendelea. Kuangusha siyo kosa la kutolewa. Kosa ni kukiacha chini, au kuokotewa na mwingine.

Niruhusu niseme habari yangu kidogo. Nilipokuwa shule ya msingi nilichaguliwa mbio za vijiti za kata. Nilikuwa mtu wa tatu. Kijiti chetu kilikuwa kipande cha mti kilichokatwa na kumenywa ganda. Nilikuwa na kiherehere, nikachomoka mapema mno kabla mwenzangu hajafika. Akanifukuza, akanyoosha, mimi nikashika upepo, kijiti kikaanguka kwenye nyasi. Unajua nilifanya nini? Nilikipiga teke. Nikatoka uwanjani nikimlaumu mwenzangu kwa sauti ili watu wasikie. Mwaka mzima nilisema ni yeye.

Lakini mtu ninayemkumbuka zaidi siyo huyo. Ni yule wa nne. Alikuwa amesimama kule kwenye kona, mkono ameunyoosha. Alikuwa ametoka kwao alfajiri kwa miguu, bila viatu, kwa ajili ya mbio ile. Hakugusa kijiti siku ile. Watu walipoanza kwenda nyumbani bado alikuwa pale kwenye kona.

Basi linganisha na mtu huyu. Lauryn Williams wa Marekani. Mwaka 2004 katika Olimpiki ya Athens alikuwa mtu wa tatu katika fainali ya mita 100 mara nne. Aliyekuwa anamletea kijiti ni Marion Jones. Hawakukutana vizuri, kijiti kikapita nje ya eneo, wakatolewa. Akangoja miaka minne. Mwaka 2008 Beijing, mbio za kufuzu fainali, safari hii yeye ni wa mwisho. Torri Edwards anakuja na kijiti, na kikaanguka! Mara ya pili! Dunia nzima inaangalia. Wenzao wameshapita wote.

Lauryn alirudi. Akakiokota. Akakimbia mpaka mwisho, peke yake, wa mwisho kabisa, akavuka mstari na kijiti mkononi. Hakupata kitu. Timu ilitolewa vilevile. Nakwambia ukweli, hakupewa hata asante. Lakini mwaka 2012, London, alikimbia tena katika mchujo akiwa wa mwisho, kijiti kikamfikia, akakifikisha. Kwenye fainali walikimbia wengine, wakavunja rekodi ya dunia kwa sekunde 40.82, na kwa kuwa yeye naye alisaidia kuwafikisha huko alipewa medali ya dhahabu kama wao.

Tena mwaka 2016 kule Rio de Janeiro. Allyson Felix wa Marekani akisogea kumpa English Gardner kijiti, mkimbiaji wa njia ya jirani akamgusa, kijiti kikaruka chini. Wakati timu nyingine zote zinaondoka, Felix akamwambia mwenzake wamalize. Wakaokota, wakakimbia wakafika kwa aibu, zaidi ya dakika moja kwa mbio ya sekunde 42. Halafu wakakata rufaa: tulisukumwa! Na kwa kuwa walikuwa wamemaliza, walisikilizwa. Jioni ile wakapewa uwanja mzima wakimbie peke yao, wanne tu, wakishindana na saa. Wakafuzu. Kesho yake wakaingia fainali kwenye njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa yenye kona kali ambayo hakuna anayeipenda, na WAKASHINDA DHAHABU.

Mimi sikwambii okota kijiti kwa sababu kuna dhahabu. Lauryn aliokota Beijing na hakuna aliyempa kitu. Nakwambia tu kwamba hao wa Rio wangekiacha pale chini wasingekuwa na la kudai.

Na sasa nimrudie yule mzee wetu. Tarehe 20 Oktoba 1968, mji wa Mexico, marathoni ya Olimpiki. John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka njiani, goti likaumia vibaya, na bega pia. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2 na dakika 20. Jua likazama. Watu wakaanza kuondoka uwanjani. Ndipo akaingia Akhwari, mguu umefungwa bandeji, anachechemea. Saa 3, dakika 25. Mtu wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Walipomwuliza kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Nilisema mwanzoni kwamba hao walikimbia peke yao. Kwa Akhwari labda nilikosea. Mtu anayesema NIMETUMWA ana kitu mkononi alichopewa na mwingine.

SASA TUJE KWETU

Wewe unayesoma umeshaona mbio za vijiti hata kama hujafika uwanjani. Mwenge wa Uhuru unapokuja, si wilaya moja inaukabidhi kwa nyingine? Hanang hawawezi kubaki nao. Wanaupokea, wanaukimbiza, wanaufikisha kwa wenzao. Zamani za kale hata Wagiriki wa Athens walikuwa na mbio za kupokezana mwenge, na timu ambayo moto wake ulizimika njiani ilishindwa. Hata Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za washindanao kwa mbio hakuwa anatunga. Karibu na mji wao palikuwa na michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili, na waliosoma barua ile walijua vizuri anasema nini.

Lakini nilikuahidi kukueleza kwa nini nazungumza habari za wanawake. Ni kwa sababu katika majina yale ya wazee, Bayi, Shahanga, Akhwari, hukusikia jina la dada hata mmoja. Je, ni kwamba hawana miguu? Nenda shule yoyote ya msingi, Katesh, Dongobesh, Haydom, angalia wasichana wa darasa la tano wakikimbizana. Wengine wanawaacha wavulana. Halafu rudi baada ya miaka minne utafute wale wale. Mmoja ameambiwa mbio zitamharibu asizae. Mmoja amepelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Mmoja ameshaolewa, na mahari imeshaliwa. Mmoja anaambiwa na kaka zake kwamba kukimbia na kaptula mbele za watu ni uhuni. Kijiti kimeanguka pale, na sisi tumesimama tunakiangalia.

Na wanaosema mbio ni za wanaume hawajui hata historia. Theresia Dismas alileta medali ya fedha ya kurusha mkuki kutoka Michezo ya Afrika ya kwanza kule Brazzaville mwaka 1965, MIAKA MITATU KABLA ya Akhwari kwenda Mexico. Mwaka 2023 Magdalena Shauri alikuwa wa tatu katika marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, na hakuna mwanamke wa Tanzania aliyekuwa amewahi kukimbia haraka vile. Wanaweza! Lakini hao ni mmoja mmoja. Mmoja anaweza kutokea popote, hata akifanya mazoezi peke yake barabarani saa kumi na moja alfajiri. Timu ya vijiti haitokei hivyo. Inahitaji wasichana WANNE walioachwa wakue pamoja, katika shule moja au kijiji kimoja. Akiolewa mmoja, wale watatu hawana mbio.

Kwa hiyo kaka, unapomwambia dada yako aache kukimbia, usifikiri umemwondoa mmoja uwanjani. Hesabu vizuri.

Na wewe dada, kama ulikuwa unakimbia ukaacha, kijiti hakijaenda mbali. Kiko pale pale kwenye nyasi.

Mfanye hivi. Kesho jioni tafuteni kipande cha mti urefu wa shibiri moja na nusu hivi, mkimenye ganda kisiwaumize mikono. Tafuteni watu wanne. Msichague wanne wenye mbio kuliko wote, chagueni wanne ambao WATAKUJA na keshokutwa. Pimeni hatua thelathini za mtu mzima kwenye njia ya ng'ombe au uwanja wa shule, wekeni jiwe mwanzo na jiwe mwisho. Wawili wawili: mmoja aje mbio, mmoja apokee kati ya mawe hayo. Mara ya kwanza nendeni kwa kutembea. Halafu mchakamchaka. Halafu mbio kamili. Anayetoa aite kwa sauti, anayepokea anyooshe mkono na kuutuliza, asiupungepunge. Kikianguka, aliyekiangusha akiokote mwenyewe, asiokotewe, na asilaumu mtu, aendelee mpaka jiwe la mwisho. Rudieni mara ishirini kila jioni. Na mashindano ya UMITASHUMTA au UMISSETA yakija, mwende kwa mwalimu wa michezo mkiwa wanne, msiende mmoja mmoja.

Mimi nikiwa katika maeneo yenu nitakuja kuangalia. Naweza hata kusimama kwenye kona ya nne.

Ukimaliza kusoma karatasi hii usiikunje ukaitia mfukoni. Mpe mwenzako.